Kaa la Jirani Asiyejulikana

Sogeeni, ngano inapita mlangoni! Ikaribisheni!

Jioni moja Mwanajumbe alikuta moto umezimika jikoni. Akachukua kigae, akaenda kuomba kaa la moto kwa majirani, kama ilivyo desturi. Njiani akaona kibanda asichokijua, na ajuza kaketi mlangoni.

"Shikamoo bibi. Naomba moto."

"Marahaba mjukuu wangu. Chukua kaa hili, ulipulize lisizime."

Akapuliza mara ya kwanza, kivuli chake kikatoweka. Akapuliza mara ya pili, sauti yake ikatoweka. Kaa likafumbua macho, likasema, "Bado pumzi moja tu, niwe wewe."

Hofu ikamfanya aheme, na kila akihema kaa likazidi kung'aa. Ndipo akakumbuka alivyofundishwa na marehemu nyanya yake kutuliza hofu. Akaketi, akafumba kinywa, akavuta pumzi kwa pua polepole, akaishusha polepole, akimtaja Mungu moyoni. Kaa likafifia, likawa jivu. Kivuli kikarudi, na sauti ikarudi.

Lakini jivu lile lilichukuliwa na upepo, na bado linatafuta pumzi yake ya tatu.

Hebu nyote zuieni pumzi kidogo. Nami nazuia.

Haya, ni nani huyo anayepumua?