Makopo ya Bubu

Sogeeni, na leo asinitulize mtu, maana hasira ninayo na nimekuja nayo.

Katika kituo kimoja cha utafiti wa muhogo walikuwapo wafanyakazi watatu wa mkataba. Tumsifu alijua kusoma jeni za nzi weupe, wale wadudu wanaoeneza ugonjwa wa muhogo. Nyamizi alijua kuifikisha dawa yoyote ndani ya jani. Wa tatu, Sikudhani, alijua kushuku.

Tumsifu akaipata jeni ambayo nzi hawezi kuishi bila hiyo, akatunga dawa ya kuinyamazisha, yaani kuizima kabisa.

Nyamizi akaona dawa inateleza kwenye majani. Akaitia sabuni, ikashika.

Sikudhani akatengeneza dawa ya pili: maji yale yale, sabuni ile ile, ila ujumbe wa kunyamazisha jeni aliuvuruga usiseme kitu. Wakaiita bubu. Akainyunyizia miche iliyo kwenye makopo yake.

Nzi walioachiwa kwenye miche yenye dawa ya Tumsifu wakafa wote. Vigelegele! Mkurugenzi akataka wakulima watangaziwe siku hiyo hiyo.

"Subirini," akasema Sikudhani. "Hata wa kwenye bubu wamekufa."

Kumbe muuaji ni sabuni!

"Dada, unatuharibia sherehe," Tumsifu akafoka.

"Na mkulima akiuziwa sabuni akaambiwa ni dawa, kaka, utamjibu nini?"

Wakarudia. Nyamizi akaacha sabuni, akainywesha miche dawa kupitia mizizi, na ile ya bubu vivyo hivyo. Safari hii nzi wa Tumsifu wakafa, wa bubu wakabaki wazima, wamejaa tele. Hapo ndipo ikajulikana kwamba dawa inafanya kazi kweli.

Sasa, ajira ya kudumu ilikuwa moja. Mkurugenzi akayatazama makopo ya bubu, akacheka. "Huyu tumwajiri kwa kufuga nzi? Makopo yake hayakufanya kitu!"

Hayakufanya kitu! Jamani, si yaliwekwa ili yasifanye kitu? Mtu mzima, shahada zimejaa ukutani, anatamka hivyo bila aibu! Sikudhani akavua koti la maabara.

"Bila bubu," akasema, "nani angewaamini?"

"Na bila dawa yangu," akasema Tumsifu, "ungelinganisha nini na nini?"

"Na bila mimi," akasema Nyamizi, "ingebaki kwenye chupa."

Wote wamesema kweli, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Fomu iko mezani, ina nafasi ya jina moja tu. Haya, wewe unayenisikiliza, ungeandika la nani? Na ukishaliandika, wale wawili ungewatazamaje usoni?