Mama Aliyekuwa Akikimbia Mvua

Wapendwa, hebu funikeni Biblia zenu kidogo mnisikilize. Nataka niwaeleze habari za mama mmoja, fundi cherehani, aliyekaa kwenye vilima ambako mvua haikatiki karibu mwaka mzima. Tumwite Tusekile.

Mama huyu alikuwa na mume. Mchana mmoja mvua ilinyesha mpaka udongo wa mlimani ukaporomoka, ukaangukia jiko lao la nje. Mume wake alikuwa humo ndani akiota moto. Tusekile alifukua kwa mikono, majirani wakaja na majembe, lakini walimtoa akiwa ameshakata roho.

Kanisa lilimzika vizuri. Watu walilia, wakapika, wakaimba, wakarudi makwao. Tusekile akabaki na ile mvua.

Tangu hapo mvua ikianza tu kugonga bati, moyo unamwenda mbio, mikono inakufa ganzi, pumzi haitoshi. Anaacha nguo ya mtu kwenye cherehani, anatoka nje anakimbia, hata hajui anakokwenda. Jumapili moja mvua ikashuka katikati ya ibada. Tusekile akapiga kelele, akaruka benchi, akatoka mbio, viatu vikabaki kanisani. Wazee wakamwombea, wakamwekea mikono. Jumapili nyingine mvua ikanyesha, akakimbia tena.

Hapo maneno yakaanza. "Yule ana pepo." "Hana imani, ndiyo maana haponi." Mwisho akaacha kuja. Na wenzake, niseme ukweli, wakaona afadhali.

Niwaulize, mtu akivunjika mguu tunamwambia hana imani? Si tunambeba tunampeleka hospitali? Tusekile hakuwa na wa kumbeba. Alikwenda mwenyewe.

Nesi wa kliniki ya afya ya akili alimsikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, hakutazama saa. Daktari akampa vidonge, na yule nesi akamfundisha kukaa.

"Kaa hivi, mama, nyayo zako ziguse sakafu. Ifuate pumzi yako ikiingia, ifuate ikitoka. Wazo la siku ile likija, usiligombeze wala usilifuate. Liache lipite, wewe rudi kwenye pumzi."

"Na mvua ikinyesha?"

"Isikilize. Hiyo ni mvua ya leo, mama. Ile iliyomchukua baba imeshakwisha kunyesha."

Tusekile akalia pale pale kwenye kiti. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Haikuwa kazi nyepesi. Mara nyingine alikaa, mvua ikaja, akakimbia, akarudi amelowa akaanza upya. Vidonge alimeza, kliniki hakuacha. Asubuhi unamkuta barazani kwenye kigoda, amefumba macho. Watu wakienda shamba wanamwona. Siku moja mke wa mzee wa kanisa akasimama uani kwake.

"Tusekile, unaabudu nini hapo?"

"Siabudu kitu, mama. Natuliza moyo. Nikimaliza nasali. Karibu ukae."

"Hapana, mwanangu, nina haraka."

Kigoda cha pili kilikuwepo, wapendwa. Hakikukaliwa.

Aliporudi kliniki nesi akamuuliza, "Siku hizi ukikaa kimya, unasikia nini?"

"Mvua naisikia, lakini hainikimbizi kama zamani. Kuku nawasikia. Na watu wakipita njiani wanaongea, wanacheka. Wakifika usawa wa nyumba yangu wananyamaza."

Nesi akainamisha kichwa. "Hilo, mama, vidonge havilifikii. Hata huku kukaa nilikokufundisha hakulifikii."

Basi Jumamosi moja Tusekile akachukua fagio, akaenda kanisani ambako akina mama walikuwa wakifanya usafi. Akasalimia, wakaitikia. Akashika upande wake akaanza kufagia. Mazungumzo yakafa.

Mara mvua ikaanza. Ikaja kwa nguvu, bati zima likanguruma. Wote wakaacha kazi, wakamkodolea macho. Mmoja akamvuta mtoto wake, akamficha nyuma ya khanga. Tusekile akasimama ameshika fagio. Akavuta pumzi, akaiachia. Miguu haikuondoka. Akavuta tena, akaachia. Kisha akainama, akaendelea kufagia.

Alipoinua kichwa, kanisa lilikuwa tupu.

Wenzake walikuwa wametoka mbio. Wamelowa chapachapa, wanakimbia kwenye mvua ile ile, wanamkimbia yeye. Akamalizia kufagia peke yake. Akafunga mlango, akaenda nyumbani.

Sasa niambieni, siku ile mgonjwa alikuwa nani?

Msinitazame mimi. Tutazamane. Nesi alifanya kazi yake, daktari alifanya yake, na yule mama alifanya iliyo ngumu kuliko zote. Iliyobaki ilikuwa ya kwetu, nasi tulikuwa na haraka. Tunaomba Mungu amponye mtu, Mungu anamponya kwa mikono ya watu wa hospitali, na akija mlangoni kwetu amepona, tunashindwa kumpokea.

Wewe unayeumwa moyoni, nakusihi, kliniki usiache, dawa usiache. Keti, pumua, sali. Mungu hakasiriki ukitibiwa. Na sisi wengine, kuna nyumba tunaijua, tukiipita tunanyamaza. Leo tukitoka hapa tusiipite. Tusiende na ushauri, wala tusiende kumuuliza aliyemo imani yake iko wapi. Tubishe hodi, tukae. Tukikosa la kusema, tusiseme. Tukae tu, mpaka aone kwamba safari hii hatuondoki.