Bakuli Laenda, Kibuyu Charudi

Mniwie radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Mahali pa kucheka nitahuzunika, mahali pa kuhuzunika nitacheka, na mwisho wake sinao. Anayetaka iliyonyooka aende kwa mwingine. Anayebaki asogeze kiti.

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, simu zilikuwepo ila mtandao uliufuata kilimani, walikuwepo mke na mume vijana katika milima ya Rungwe. Mume aliitwa Ipyana, mke aliitwa Sekela. Na vijana hawa walikuwa na jambo lao. Nyama hawali. Samaki hawali. Yai hawali. Maziwa hawanywi, na asali hawalambi. Chochote kilichotoka kwa kiumbe mwenye mama, kwao hakipiti mlangoni.

Msiulize sana. Ipyana alifanya kazi miaka miwili katika machinjio ya mjini, kazi ya kupiga mihuri tu. Siku moja akarudi nyumbani, akaitazama sahani, akaisukuma. Sekela naye, mwanzoni kwa mapenzi, baadaye kwa sababu moyo wake mwenyewe ulikubali, akaisukuma yake. Wakala maharage, wakatazamana, wakawa na amani.

Tatizo ni mahali walipoipeleka amani hiyo. Waliipeleka nyumbani kwao Ipyana, ambako mgeni hukabidhiwa maziwa kabla hajamaliza kusalimia, na akiyakataa watu huulizana amegombana na nani.

Nyumba waliyoingia ilikuwa ya marehemu mama yake Ipyana, imefungwa miaka mitatu. Jiko jeusi kwa moshi, sakafu ina mabonde, dari panya wameigawana vyumba. Wakaapa kuitengeneza yote. Kitu cha kwanza walichonunua si saruji, ni meza. Meza ya viti sita. Wakaalika majirani. Sekela akapika magimbi kwa karanga, maharage mabichi, boga, na parachichi la kupondwa na ndimu. Majirani saba wakaja, wakafunua vyungu, wakafunika. Mmoja akakumbuka ameacha maji jikoni. Mwingine akakumbuka mtoto analia, na hakuwa na mtoto. Kufikia saa nane mezani walibaki wawili na vyungu vinne. Tangu siku hiyo wakaitwa "wale sungura."

Kisha Ipyana akapata kazi Makambako, kusimamia upakiaji wa maparachichi. Akawa anarudi Jumapili moja kwa mwezi. Sekela akabaki na nyumba iliyobomolewa nusu, na fundi mmoja aliyeitwa Nzowa.

Nzowa alikuwa mtu mzima, mchapakazi, mwenye neno kwa kila kitu.

"Dada, sakafu ya stoo tupake kinyesi cha ng'ombe. Kinatuliza vumbi."

"Hapana, fundi. Saruji."

"Hiki si nyama, dada. Hiki ni mavi."

"Ng'ombe ameulizwa?"

"Huwa anakiacha mwenyewe. Sijawahi kumwona akirudi kukitafuta."

Lakini saa kumi na moja Nzowa aliosha miko yake akaenda zake, na nyumba ikanyamaza. Sekela akapakua, akakaa mezani, yeye na viti vitano vitupu. Alianza kuvizungusha. Jumatatu alikaa cha kwanza, Jumanne cha pili, ili kisije kimoja kikajiona kimetengwa.

Na ng'ambo ya uwanja, hatua thelathini tu, kulikuwa na mtu mwingine aliyekula peke yake. Mzee Mwakisyala, baba yake Ipyana, mgane tangu nyumba ile ifungwe. Sekela alikisikia kijiko chake kwenye sahani. Alimsikia akizungumza na ng'ombe wake, Kidoti.

"Leo mvua, Kidoti. Eeh. Hata mimi nimeiona."

Mtasema, si angekwenda kumsalimu? Ndiyo kwanza hamjui. Katika ukoo ule mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Mkamwana hamtaji mkwe jina, hamtazami usoni, hali naye, na akimsikia anakuja hujificha. Mzee Mwakisyala alikuwa mtu wa haki, alikohoa hatua kumi kabla ya kila kona ili mtoto wa watu apate muda. Sekela alikwisha kujificha nyuma ya milango, nyuma ya migomba, na siku moja ndani ya pipa la chokaa, akatoka mweupe kuliko ukuta aliokuwa akiupaka.

Siku moja upweke ulimzidi. Akajaza bakuli magimbi laini, akalifunika.

"Fundi, mvushie Baba."

Bakuli likavuka uwanja. Bakuli likarudi tupu, limelambwa, linang'aa.

"Amesemaje?"

"Ameshukuru," alisema Nzowa, akawa ghafla na kazi nyingi kwenye plasta.

Kesho yake asubuhi likaja jibu. Kibuyu cha maziwa, bado ya moto. Sekela alikishika kwa mikono miwili. Tangu aingie kijiji kile hakuna mtu aliyempa kitu. Angekirudisha vipi?

"Mwambie Baba maziwa ni matamu sana," alisema. Kisha akamkabidhi Nzowa kile kibuyu. "Yanywe wewe. Ila asijue."

"Mimi kwa siri ni kaburi, dada."

Kaburi likainua kibuyu, likakimaliza kwa pumzi moja.

Basi ikawa hivyo. Sekela akapika, bakuli likaenda, bakuli likarudi limelambwa. Mzee akakamua, kibuyu kikaja, kibuyu kikarudi kitupu. Bakuli laenda, kibuyu charudi. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu. Nzowa akatoboa tundu jipya kwenye mkanda, upande ule wa watu walioshiba. Na Sekela akaacha kuzungusha viti. Bakuli likishavuka tu, alijipakulia chakula kilekile, akaugeukia ukuta wa ng'ambo, akasema taratibu, "Karibu, Baba. Tule." Akala. Kwa mara ya kwanza tangu Ipyana aondoke, alikuwa anakula na mtu.

Alimpigia mumewe simu kutoka kilimani. "Baba anakula chakula chetu."

"Baba yangu? Boga?"

"Bakuli linarudi safi. Na yeye ananiletea maziwa."

"Unayafanyaje?"

"Nashukuru."

"Basi endelea kushukuru," alisema Ipyana. Na baba yake alipompigia kuuliza kama mkewe anayanywa, Ipyana akajibu, "Anayanywa, Baba. Mpaka tone la mwisho."

Mwezi wa nne ikabaki kazi moja, dirisha la jikoni. Sekela ndiye aliyelitaka, litazame ng'ambo, angalau awe anaona moshi wa mwenzake. Nzowa alishavusha bakuli, akarudi na kibuyu, akakiweka chini, akapima, akapiga nyundo. Tofali la kwanza likaanguka. La pili. La kumi. Akafuta jasho, akakiokota kibuyu, akakiinua mdomoni. Sekela akachungulia tunduni.

Akaona uwanja. Akaona zizi. Akaona bakuli lake limewekwa chini, na ndani ya bakuli pua ya Kidoti. Ng'ombe alilamba pande zote, akalamba na kitako, na Mzee Mwakisyala amesimama pembeni akimngoja amalize.

Mzee naye kelele za nyundo zilimgeuza. Akaona tundu jipya ukutani, na ndani yake Nzowa, kichwa nyuma, kibuyu juu, koo linapanda na kushuka.

Sekela aliinama chini ya dirisha kwa mazoea ya kujificha. Nzowa alikosa pa kuinama, maana tumbo lilikataa.

Kikohozi kikasogea. Kikasimama upande wa pili wa ukuta. Mzee aliupa ukuta mgongo, asije akamwona, akasema naye kwa mara ya kwanza.

"Mkamwana. Maziwa yangu ni mabaya?"

"Sijui, Baba. Sijayaonja."

"Miezi minne?"

"Miezi minne. Na magimbi yangu ni mabaya?"

"Sijui, mwanangu. Sijayaonja."

Kidoti, peke yake aliyeyaonja, hakusema kitu.

"Mimi nilikunywa chai ya rangi," alisema Mzee. "Ng'ombe ni mmoja. Nilisema, yule mtoto amekonda, atangulie yeye."

"Na mimi nilikuchagulia yale laini, Baba, kwa sababu ya meno. Nikala yale magumu."

Sasa ukoo ule una sheria ya kutokea. Watu wa nyumba mbili wakikoseana, mwenye kosa, awe nani, huvuka uwanja mchana kweupe amebeba chakula. Mlango unafunguliwa, wote wanakula pamoja, na tangu siku hiyo mkwe na mkamwana hawajifichani tena. Lakini avuke mwenye kosa. Asiye na kosa akivuka, amemtukana mwenzake kwamba hajui hata kutubu, na mlango ule haufunguliwi maisha.

Ndipo kila mtu akasema lake.

Mzee alisema: "Bakuli la kwanza nilimpa ng'ombe, sikatai. Tangu mke wangu afe, chakula cha mkono mwingine hakinishuki. Ningelirudisha limejaa, mtoto angelala analia. Niliogopa kumwumiza. Aliyesema maziwa ni matamu ni yeye."

Sekela alisema: "Nilisema. Ulikuwa mtu wa kwanza kunipa kitu, Baba. Lakini maziwa yalikuja baada ya bakuli. Ulipoyatuma ulikwisha kunidanganya siku nzima."

Ipyana alipigiwa, Nzowa alikimbia na simu kilimani akarudi na maneno yake: "Mimi nilijua Sekela hayanywi, na sikumwambia Baba kwamba hatunywi maziwa. Siku ya kumzika Mama alinishika bega akasema, mtoto atakayekataa maziwa yangu amenikataa mimi. Nilikuwa nimebaki na mzazi mmoja. Ningesemaje?"

Nzowa mwenyewe akajifuta midomo. "Mnanitazama mimi. Haya. Nilimwona ng'ombe siku ya kwanza. Ningesema siku ile, siku ya pili kila mtu angekula na ukuta wake. Nimewapa miezi minne ya kula na mtu. Kunenepa ni ajali ya kazini."

Hakuna aliyevuka, maana kila mmoja alikuwa amesema kweli.

Nzowa alimaliza dirisha, akafunga miko yake, akaenda. Bakuli halivuki tena, kibuyu hakirudi tena. Sekela hana kiburi, msimwelewe vibaya. Angevuka uwanja ule hata mara kumi kwa siku. Anachoogopa ni kuvuka kimakosa, akaufunga mlango wa pekee uliobaki. Na Mzee anaogopa hilohilo. Kwa hiyo kila mchana Sekela hupakua sahani mbili, akakaa dirishani akitazama ng'ambo. Na ng'ambo Mzee huchemsha ndizi kwa chumvi tu, hatii nyama, hatii maziwa, huzipakua, huzitazama, mpaka zinapoa. Nyumba imekwisha. Sakafu inang'aa, dari nyeupe, viti sita vimepigwa vanishi. Hatua thelathini.

Imebaki njia moja. Watu wakishindwa kumjua mwenye kosa, sheria inasema aitwe jirani wa karibu kuliko wote, mtu mzima, akae katikati, ale chakula cha pande zote mbili, kisha amtaje. Akishakula, neno lake halipingwi. Jirani huyo ameshaitwa, na bado anangojwa.

Basi nisaidieni. Ni Mzee, aliyempa ng'ombe bakuli la kwanza? Ni Sekela, aliyesifu maziwa asiyoyaonja? Ni Ipyana, aliyejua tangu mwanzo akanyamaza? Au ni Nzowa, aliyeona pande zote mbili akatoboa mkanda? Je, nani alistahili kuvuka uwanja?

Semeni upesi nikawaambie, maana jirani mwenyewe ni mimi. Nimeitwa mara tatu, na mara zote tatu niliuliza kwanza kuna nyama gani.