Zamu ya Maji Yasiyokuwapo

Kiu haichimbi mfereji. Walimu wawili vijana, wageni katika shule moja ya milima ya Upare, waliyasikia maneno hayo kwa mpishi wa shule. Walikuwa wamemweleza kwamba wameandika barua kuomba mtaalamu wa matamshi aje kuwaona watoto wa darasa lao, na kwamba huu ni mwezi wa nne wanangoja jibu. Mpishi akacheka kidogo, akawajibu kwa maneno hayo matatu, akaendelea kuchambua maharage yake. Ndipo walipomwendea Mwalimu Nanzia, mstaafu aliyelifundisha darasa hilo kabla yao, wakamuuliza msemo huo umetoka wapi. Mwalimu Nanzia akawapa viti barazani. Akasema msemo huo una mwanzo unaojulikana, na wenyewe bado wako hai. Ulianza hivi.

Katika kijiji hicho maji ya mashambani hayachukuliwi ovyo. Hutoka chemchemi, hukusanyika katika bwawa liitwalo ndiva, kisha hushuka mferejini, na kila nyumba ina zamu yake. Msimamizi wa mfereji huzishika zamu zote kichwani. Kumuuliza, "Zamu yangu lini?" ni aibu, kwa maana ni kama kumwambia kwamba anaiba. Mtu hungoja. Akingoja, maji humfikia.

Namkunda alilelewa katika adabu hiyo. Alikuwa na binti mmoja, Nietiwe, wa miaka sita. Nietiwe alitembea mapema, akaimba kabla ya kusema, kisha maneno machache aliyokuwa nayo yakapotea moja baada ya jingine. Akiitwa jina hakugeuka. Alipanga vijiwe mstari mmoja kutoka mlangoni hadi jikoni, na mtu akikisogeza kimoja alilia mpaka sauti ikamkauka. Zaidi ya yote alipenda maji. Ukigeuza shingo tu, yuko ukingoni mwa ndiva. Mara mbili alitolewa akiwa amelowa hadi kifuani.

Kwa hiyo Namkunda alipokwenda shambani alimfunga kanga kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye mguu wa kitanda. Alilikaza fundo huku akimwomba mtoto radhi. Wako waliosema mtoto amerogwa, wako waliosema mama amemdekeza. Namkunda hakubishana nao. Alitaka jambo moja tu: siku moja aende shambani bila kumfunga mwanawe.

Alimpeleka hospitali ya misheni iliyo tambarare. Daktari alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akamwambia mama kwamba hali hiyo inaitwa usonji. Si uchawi, wala si malezi mabaya. Haina dawa ya kumeza, lakini watoto wa namna hiyo hujifunza wakifundishwa kwa njia inayowafaa. Akamwandikia barua ya kupeleka ofisi ya elimu wilayani. Bwana wa ofisi aliipokea kwa heshima, akaliandika jina la Nietiwe katika daftari la jalada la kijani, akasema, "Nenda nyumbani, mama. Mtapangiwa."

Neno hilo Namkunda alilijua vizuri. Aliyepangiwa hungoja. Akarudi nyumbani, akangoja miaka miwili. Shemeji yake alipomshauri akaulizie, alimjibu, "Nikaulizie zamu? Wataniona mlafi."

Mwaka wa tatu alikwenda wilayani kwa shughuli nyingine, akapita mbele ya ofisi ile. Hakukusudia kuuliza. Alitaka aonekane tu, kama mtu apitaye karibu na nyumba ya msimamizi akikohoa. Alimkuta dada mmoja mezani. Yule bwana alikuwa amehamishwa. Dada akalitafuta daftari la kijani katika kabati mbili, akalipata, akalifunua.

"Mama, hili ni daftari la wageni," alisema. "Jina la mwanao lipo. Limeandikwa kama mgeni aliyefika ofisini siku ile."

Bwana yule hakuwa mtu mbaya. Pengine alikusudia kulihamishia mahali pake, kazi zikamzonga. Lakini mahali penyewe hapakuwapo. Tarafa nzima haikuwa na darasa la watoto wa namna hiyo, wala mwalimu wake.

Wiki hiyohiyo kulikuwa na msaragambo, kazi ya wote ya kuzibua mfereji. Msimamizi, Mzee Senzota, aliipuliza pembe kuwaita watu. Nyumba yake iko kileleni, mahali ambapo pembe ingesikika mabonde yote, lakini yeye kila mara alishuka hadi kona ya chini, karibu na kanisa, akapulizia huko. Watu walisema ndivyo alivyozoea. Namkunda alifika na jembe lake, Nietiwe amefungwa kwake kiuno kwa kiuno, mikono ya mtoto imeziba masikio kwa sababu ya pembe.

"Leo Mama Nietiwe kaja na mbuzi wake," alisema kijana mmoja, Mrutu. "Tumtafutie majani."

Wawili watatu wakacheka.

"Mrutu," Senzota alisema, "mdomo wako ungeshika jembe, tungekuwa tumeshafika chemchemi."

Sasa wakacheka wote. Namkunda hakucheka. Alilima tope bila kuinua macho, mpaka Senzota alipopita kukagua akasimama karibu naye.

"Unauchimba mfereji au unaupiga?"

"Nisamehe, baba. Nina hasira." Akamweleza habari ya daftari.

Senzota alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ulipewa zamu."

"Nilidhani nimepewa."

"Zamu ya maji gani? Mimi nagawa zamu kwa sababu maji yapo. Na maji yapo kwa sababu babu zetu waliupasua mlima huu kwa majembe. Huko wilayani nani alichimba?"

Namkunda akaliegemea jembe lake.

"Miaka miwili umeilea kiu yako kwa adabu kubwa," mzee alisema. "Kiu haichimbi mfereji, Mama Nietiwe." Akaenda zake kumfokea mtu mwingine.

Yalikuwa maneno ya kumkaripia mtu kazini, si zaidi. Lakini Namkunda alirudi nayo nyumbani. Jumatatu alikuwa tena mbele ya yule dada wa ofisini, na safari hii aliuliza. Hakuuliza mwanawe atapangiwa lini. Aliuliza ni kitu gani kikiwapo ndipo darasa liwepo. Dada akamwandikia kwenye karatasi: chumba katika shule, barua ya daktari kwa kila mtoto, na orodha ya watoto wasiopungua kumi wa kata moja. Ifike kabla ya mwisho wa Juni, ndipo mwalimu aombwe. Kutoka hapo Namkunda akaenda hospitali. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayewafundisha watoto kuvaa, kula na kutulia, alimwambia kwamba kwa mtoto mmoja hawezi kuupanda mlima, lakini kwa kumi angepanda kila mwezi, na daktari angefuatana naye siku ya kuandikisha.

Chumba kilipatikana kwa siku moja. Mwalimu mkuu alitoa stoo ya madawati mabovu. Kazi ilikuwa kuwapata watoto. Namkunda alizunguka nyumba kwa nyumba kwa wiki sita, Nietiwe kiunoni. Mwanzo aliuliza, "Mna mtoto mwenye shida?" na kila nyumba ikajibu hakuna. Akabadili swali. Akawa anakaa, anasimulia habari za Nietiwe na vijiwe vyake, kisha ananyamaza. Mara nyingi mwenye nyumba alisema taratibu, "Huyu wangu hupanga vifuniko vya chupa." Kwa njia hiyo akapata watoto wanane. Pamoja na Nietiwe, tisa.

Zilipobaki siku mbili, bado walikuwa tisa. Namkunda aliketi akawapitia watoto wote kichwani, akitafuta jambo wanalofanana. Wengi wao, wasikiapo pembe ya msaragambo, huziba masikio na kupiga mayowe. Hapo akaifikiria kona ya kanisani. Akainuka, akapanda kileleni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Zamu yako si leo."

"Sikujia maji. Nimebakiza mtoto mmoja."

"Nyumba hii haina mtoto. Binti yangu yuko mjini, mke wangu ni marehemu. Unaona mtoto?"

"Baba, mbona pembe huipulizii hapa juu?"

Senzota alimtazama. Ndani ya nyumba kulisikika kitu kikigongagonga ukuta, taratibu, kwa kipimo kilekile kisichobadilika.

"Watu wakijua," alisema mzee kwa sauti ya chini, "watasema msimamizi kaiba maji ya mtu, na mtu huyo kamwapiza. Hawatanipa tena mfereji wao."

"Huenda wakasema. Mimi walisema mengi, na bado nalima. Unangoja nini, baba? Apone mwenyewe humo ndani?"

"Naomba Mungu kila siku."

"Nami niliomba. Kiu haichimbi mfereji. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Usinirudishie maneno yangu mlangoni pangu," alisema Senzota, akaingia ndani, akafunga.

Kesho yake, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho, daktari na mtaalamu walipanda mlima. Watoto tisa walikuwa shuleni na wazazi wao. Dada wa ofisini naye alikuja, akatazama orodha, akatazama saa. Namkunda alimwomba angoje kidogo, na alipoulizwa anangoja nini, aliitazama njia ya kileleni.

Karibu na adhuhuri walimwona Senzota akishuka na mvulana wa miaka kumi na moja, kitambaa kimefungwa masikioni. Walishuka polepole mno, kwa sababu mtoto alisimama kwenye kila mti wa ua, akaugusa mara tatu, ndipo akaendelea. Na Senzota, mtu ambaye kijiji kizima humpisha njia, alisimama kwenye kila mti, akangoja. Waliokuwa mashambani waliacha majembe wakatazama. Mrutu alikuwa mmoja wao, na siku hiyo hakusema kitu.

Senzota alifika mezani. "Andika," alimwambia dada. "Elieza. Ni mjukuu wangu. Nilimficha."

Mfereji hawakumnyang'anya. Walimnunia msimu mmoja, wakachoka.

Mwalimu alipatikana Januari, na huyo ndiye Nanzia. Mtaalamu alipanda kila mwezi, akawaonyesha wazazi la kufanya mpaka atakaporudi: picha za kuonyesha kila kazi ya siku, hatua moja moja, bila kuharakisha. Nietiwe hajawa msemaji hata leo. Ilimchukua mwaka na nusu kujifunza kwamba akikifikia kigingi chekundu walichokichimbia kwenye njia ya ndiva, husimama hapo mpaka ashikwe mkono. Siku Namkunda alipomwona akisimama pale peke yake mara ya kumi mfululizo, aliingia ndani, akachukua jembe, wakaenda shambani wawili, mama mbele, mtoto nyuma, kila mtu kwa miguu yake.

Hapo Mwalimu Nanzia akamaliza kusimulia. Mmoja wa wale vijana akauliza, "Kwa hiyo barua yetu, mwalimu, ilikuwa makosa?"

"Barua si makosa. Mliyemwandikia, ana mtaalamu wa kumtuma?"

Vijana walitazamana.

"Hatujui," alisema wa pili. "Hatukuuliza."

"Je, mnajua watoto wangapi wa shule za jirani wanamhitaji mtaalamu huyohuyo?"

Hilo pia hawakulijua. Mwalimu wa kwanza akatoa kalamu, akaanza kuandika majina ya shule za jirani juu ya kiganja chake, maana karatasi hakuwa nayo.

"Kiu haichimbi mfereji," alisema, kama ajisemeaye mwenyewe, akaongeza jina jingine.