Mahindi ya Nyumba Moja

Kaeni. Mwenye huruma nyingi atoke mapema, maana hii si hadithi ya kubembelezea mtoto.

Mama mmoja, Namkunda, alikuwa na wana watatu. Kiangi aliishi karibu na kilele, na sikio lake lilisikia maji yakitembea ndani ya mwamba. Nakijwa aliishi katikati, kwenye uwanda wa juu ulio bapa kama meza. Yeye aliweza kuyaongoza maji hata mahali ambapo maji yenyewe hutaka kulala. Mrutu aliishi chini tambarare, kwenye joto, na mbegu aliyoishika yeye iliota hata majivuni.

Ukaja ukame. Wakakubaliana kulima shamba moja, la Mrutu, kwa kuwa rutuba yote ya mlima hushukia huko.

Kiangi akasikiliza, akachimbua chemchemi, akajaza ndiva, lile bwawa la udongo ambalo watu wa mlimani hulijaza usiku na kulifungua alfajiri. Alipotaka kulifungua, gogo la kuzibia likakwama. Akatia mkono. Gogo likafyatuka, mkono ukasagika, ukakatwa. Lakini maji yakashuka.

Yalipofika kwenye uwanda, mfereji ukabomoka ukingoni, yakaanza kumwagikia korongoni. Nakijwa akalala penye tundu, akaziba kwa mgongo wake. Mwanawe wa kunyonya alikuwa nyumbani ana homa. Jirani akapiga kelele, "Nakijwa, mtoto anakata roho!"

"Nikiinuka, watakata wote."

Hakuinuka. Alipoinuka, hakuwa na wa kumnyonyesha.

Mrutu huko chini alikuwa na debe la mbegu, na ndicho chakula pekee kilichobaki ndani. Mkewe akamshika shati: "Unawafukia watoto wako wangali hai!" Akaipanda yote. Watoto wakachemsha ngozi ya ng'ombe, wakanywa mchuzi wake. Mkubwa akapofuka kwa njaa.

Shamba likazaa. Wakapukuchua, wakapima: mahindi ya kuvusha nyumba moja tu mpaka mvua. Wakigawana, nyumba zote tatu zitafia njiani.

"Bila maji yangu mngevuna mawe," akasema Kiangi.

"Maji yako yangelala korongoni, kaka," akasema Nakijwa.

Mrutu akamcheka. "Wewe dada, kwako midomo imeshapungua. Mahindi yote haya ya nini?"

Nakijwa akamtemea mate. "Na yule kipofu wako, utampa ayatazame?"

"Basi!" Namkunda akasimama. "Uchungu niliowazalia ni uleule. Leo mnataka niseme nani ale, na wepi wawili nikawazike na wana wao. Haya."

Akanyoosha kidole.

Mwamuzi ni wewe, hicho kidole ni chako. Usiniletee habari ya kugawana. Huo ni woga, nao unaua wote. Taja jina moja, kisha wageukie wale wawili, watazame usoni, uwaambie sababu.

Haya, ni nani?