Moshi Umevuka, Nyama Imehama

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawaka moto!
— Ukafuka moshi!
Moshi wa nani?
— Wa jirani!

Haya, sogeeni. Mzee Shomvi, jirani yangu, na wewe kaa, acha kunusanusa kama umepoteza kitu. Leo nawapa ngano ya Bi Nguchiro na Chui.

Hapo kale wanyama walikaa mtaa mmoja, ua kwa ua. Kila mtu alikuwa na uchaga uani kwake: miti minne, fito juu, moto mdogo chini. Nyama ilikaa juu ya fito ikila moshi mpaka ikauke. Walifanya hivyo kwa sababu ya masika. Masika yakiingia, mashimo hujaa maji, mawindo hayaonekani, na asiye na nyama kavu watoto wake hulala na njaa.

Bi Nguchiro alikuwa na watoto, tena wale wa kulia kwa zamu, huyu akinyamaza yule anaanza. Basi akaua chatu. Chatu mzima! Akamkata vipande, akavipanga uchagani, akapuliza moto, fuu, fuu, fuu.

Chui peke yake hakuwa na uchaga. Chui alikuwa na pua. Na kwa kuwa alikuwa na meno pia, ndiye aliyekuwa mkubwa wa mtaa. Akaita mkutano.

"Huu moshi wenu unatuua," akasema. "Kuanzia leo kuna sheria. Kila mtu afukize nyama uani kwake. Moshi ukivuka ua, nyama ni ya jirani aliyefikiwa."

Bi Nguchiro akauliza, "Mzee, na mkubwa je? Sheria inamhusu?"

"Sheria haina mkubwa wala mdogo!" akanguruma Chui. Wote wakapiga makofi, maana alikuwa anawatazama.

Mbweha akawasha moto. Chui huyo, nyata nyata nyata, akakaa nyuma ya ua upande unakokwenda upepo. Pua ikafanya nus, nus. "Moshi umevuka, nyama imehama!" Akabeba.

Kenge akawasha moto. Chui huyo, nyata nyata nyata. Nus, nus. "Moshi umevuka, nyama imehama!" Akabeba.

Kwa Bi Nguchiro alibeba chatu wote mpaka mkia, hata hajakauka. Siku hiyo watoto walilia kwa pamoja, hakuna cha zamu. Jamani, iliniuma hata mimi, na mimi sikuwepo.

Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika. Bi Nguchiro akajifuta machozi, akaenda kwa Chui.

"Hodi, Mzee."

"Karibu. Umeleta nini?"

"Nimeleta pua tu. Nyama yako imeanza kunuka."

Na kweli, ndani kulikuwa na rundo la nyama mbichimbichi, na nzi wanaimba, wzzz, wzzz.

"Itaoza?" Chui akaruka wima.

"Itaoza yote kabla ya mvua ya kwanza. Ifukize, Mzee."

"Mimi sijui kufukiza. Mimi najua kula."

"Mbona kazi ndogo! Jenga uchaga mkubwa kama cheo chako. Ila usitie kuni kavu, hizo ni za sisi wanyonge, zina moshi kiduchu. Mkubwa huwasha kuni mbichi."

Chui akavimba kichwa. Akajenga uchaga, akapanga nyama yote, akajaza kuni mbichi. Moto ukasema tss, tss. Moshi ukasema fuuuuu! Ukapanda, ukainama, ukaruka ua wa Mbweha, ukaruka ua wa Kenge, ukaingia mpaka kitandani kwa Bi Nguchiro. Watoto wakapiga chafya: chya! chya! chya!

"Wanangu," akasema mama yao kwa furaha, "chukueni vikapu."

Mtaa mzima ukamiminika uani kwa Chui.

"Moshi umevuka!" akaita Bi Nguchiro.

"Nyama imehama!" wakaitikia.

"Haujavuka!" Chui akakohoa, koho, koho. "Umetembea tu!"

"Umetembea mpaka kitandani kwangu, Mzee."

"Sheria ile ilikuwa ya wadogo!"

"Haina mkubwa wala mdogo. Ulisema mwenyewe, na makofi tukakupigia."

Chui akaruka amkamate. Lakini macho yalijaa moshi, haoni mbele wala nyuma. Akakumbatia nguzo ya uchaga, pu! Akaing'ata kwa nguvu zake zote, meno yakanasa. Alipoyanasua, fito zilikuwa tupu na mvua imeanza kunyesha.

Masika yale watoto wa Bi Nguchiro walikula chatu mpaka wakamchoka. Chui alinusa tu.

Mnangoja niseme sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma? Sisemi. Funzo la ngano hii ni kwamba kuni mbichi zinaumiza macho. Na mtu akifukiza nyama uani kwake, aachwe afukize, jirani azibe pua, na mambo ya sheria tuyasahau.

Ngano yangu naifungia hapo. Ikiwa tamu, ni yetu sote. Ikiwa mbaya, ni yangu peke yangu.

— Bi Mize, moshi wako umevuka ua.

Ule ni ukungu, Mzee Shomvi.

— Ukungu unanukia mbuzi? Haya, hiyo nyama yenyewe ni tamu au mbaya?

Mbaya, jirani yangu. Mbaya kupita kiasi. Ni yangu peke yangu.