Fundi Mmoja wa Ghala la Baridi

Sogeeni karibu. Leo nina kesi, na mahakimu ni ninyi.

Muheza walikuwepo wasichana watatu waliomaliza chuo cha ufundi umeme mwaka mmoja, wakapanga chumba kimoja. Semkiwa alikuwa mdadisi. Hapiti mahali watu wanafanya kazi asiulize wanafanya nini na kazi hiyo waliipataje. Mwanjaa alijaliwa watu. Akikusalimu leo, mwakani atakuuliza hali ya mama yako kwa jina. Hiari naye alikuwa na mikono; jokofu lililokwisha tupwa, akiligusa linanguruma.

Miezi minane walipeleka maombi ya kufunga nyaya majumbani. Hawakujibiwa. Semkiwa ndiye aliyechoka kwanza.

"Kwani umeme unaishia kwenye taa?" aliwauliza wenzake.

Akaanza kuzunguka. Hakuomba kazi, aliomba maelezo tu: kwenye mashine za kusaga, kwenye vituo vya maziwa, kwa wanaopakia machungwa. Soli zikaisha. Siku ya kumi na moja mpakiaji mmoja akamwambia kuwa ghala la baridi la matunda linakaribia kufunguliwa, na fundi wa mitambo yake hajapatikana. Semkiwa akarudi mbio akawaeleza wenzake kwa moyo mweupe. Baadaye aliulaani mdomo wake.

Lakini ghala lilikuwa na mlinzi, na mlinzi hakupokea barua ya mtu. Hapo Mwanjaa akakumbuka msiba mmoja, alikochambua mchele na mama aliyemtaja shemeji yake, Bwana Shekiondo, msimamizi wa ghala hilo. Akampigia yule mama. Kesho yake wakaambiwa waje kujaribiwa baada ya siku tisa, wote watatu.

"Umetuombea na sisi?" Hiari alishangaa.

"Ningekula peke yangu ingenishuka?"

Semkiwa alimshukuru, lakini moyoni kitu kilimchoma. Mimi nimetembea mji mzima, yeye kapiga simu moja, na sifa zote ni zake!

Tatizo likawa mitambo yenyewe. Chuoni hawakufundishwa habari za baridi. Hiari alijifunza mwenyewe kwa kufungua vilivyokufa. Siku zote tisa aliwafundisha wenzake kwenye jokofu bovu la mwenye nyumba. Semkiwa alikosea mara tatu, na mara zote Hiari alimshika mkono taratibu, akarudia. Upole ule nao ulimkera Semkiwa. Aliona kama anahurumiwa.

Siku ya majaribio, kila mmoja alipewa mtambo wake. Yote mitatu ikawaka.

"Mmenishinda," Bwana Shekiondo akasema. "Nafasi ni moja. Nitumieni jina kesho kabla ya saa nne asubuhi. Mkishindwa, namchukua fundi mwingine."

Asubuhi Semkiwa alimkuta Mwanjaa anapiga pasi blauzi nyeupe. Damu ikamchemka.

"Umeshajipa kazi?"

"Nguo yangu nisiipige pasi?"

"Bila mimi mngejua hata kama kazi hiyo ipo?"

"Na bila mimi ungeishia kwa mlinzi!"

Hiari akainua uso. "Na bila mimi mngeingia mkafanye nini?"

Wakanuniana. Semkiwa akatoka uani na simu. Aliandika jina lake, akaweka kidole pa kutuma. Akalitazama jina lile muda mrefu. Halafu akalifuta, akarudi ndani, akaiweka simu juu ya mkeka.

"Atakayeona anastahili, aandike."

Mwanjaa aliitazama. Hiari aliitazama. Hakuna aliyenyoosha mkono, na saa tatu na nusu ilikuwa imeshapita.

Haya, mahakimu. Mmoja aliiona kazi, mmoja aliufungua mlango, mmoja alitia ujuzi. Mngeandika jina la nani? Na lile jina lililofutwa uani, ambalo wenzake hawakuliona, je, linampunguzia Semkiwa haki yake, au linamwongezea?